Je, Wajua? Ngozi Isiyopiga Hodi

Umevaa kanga usiyoivua

Ukiitandaza ngozi ya mtu mzima (Mungu apishe mbali), utapata kitambaa cha mita za mraba 1.5 hadi 2, yaani kipande kimoja cha kanga, pengine na upindo wa ziada. Hakuna kiungo kikubwa kuliko hicho mwilini, na hakuna kilicho kigumu zaidi kuazimana. Figo ya mtu mwingine unaweza kuishi nayo miaka mingi ukimeza dawa zako kwa utiifu. Ngozi ya mtu mwingine, hata ya mama yako mzazi, kwa kawaida huwa imeshakataliwa baada ya wiki mbili hivi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa majeraha ya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka. Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili yuko njia panda: ngozi yake ya kukata na kuhamishia kwenye kidonda haitoshi, na ya kuazima haikai. Ndiyo maana siku hizi kuna watu maabara wanaoitazama ngozi huku wameshika mkasi wa jeni.

Walinzi waliodhaniwa kuwa mishipa ya fahamu

Mwaka 1868 mjini Berlin, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Paul Langerhans alipaka kipande cha ngozi kemikali ya dhahabu, akaona seli zenye matawi kama mizizi ya mkoko. Akaamini ni sehemu ya mishipa ya fahamu. Ilipita miaka zaidi ya 100 kabla haijajulikana kwamba zile ni askari wa doria: hukaa ngozini, hunusa kila kigeni kinachoingia, kisha hukimbilia kwenye tezi za limfu kupeleka habari. Ngozi imejaa askari hawa, na hiyo ni sababu mojawapo ya ukorofi wake. Likumbuke jina la kijana huyu, maana atarudi huko chini kwa mlango mwingine kabisa.

Kipande cha Churchill

Baada ya mapigano ya Omdurman, Sudan, mwaka 1898, kijana Winston Churchill alikatwa kipande cha ngozi ya mkono wake, ukubwa wa sarafu ya shilingi ya Kiingereza, akapewa ofisa mwenzake aliyejeruhiwa kwa upanga. Miaka mingi baadaye aliandika kwa fahari kwamba kipande hicho bado kiko kwa rafiki yake. Sayansi inamwomba radhi mheshimiwa: karibu hakuna shaka kwamba kilikufa ndani ya wiki chache, ngozi ya rafiki ikajifunga yenyewe, likabaki kovu. Lakini kwa wakati huo hakuna aliyejua, na hadithi ilikuwa tamu.

Ngozi ya kaka ilikataliwa mara mbili, na mara ya pili kwa hasira

Katika Vita Kuu ya Pili, ndege ilianguka karibu na nyumba ya mtaalamu wa wanyama Peter Medawar huko Oxford, na mwanajeshi wa anga aliyekuwemo akaungua vibaya. Medawar alianza kujiuliza kwa nini mtu huyo asivishwe ngozi ya mwingine. Akaenda Glasgow kufanya kazi na daktari wa upasuaji Tom Gibson. Walimhudumia mwanamke wa miaka 22 aliyeungua kwa moto wa gesi, wakampandikiza vipande vidogo vya ngozi ya kaka yake. Vikafa. Wakarudia kwa ngozi ya kaka huyo huyo, na safari hii vikafa haraka zaidi.

Hapo ndipo palipo na utamu. Kama ngozi ingekuwa inakufa kwa kukosa damu tu, mara ya kwanza na ya pili zingelingana. Kufa haraka zaidi kulimaanisha kwamba mwili *ulikumbuka*. Ulikuwa umemwona mgeni huyu kabla, ukaandika sura yake, na aliporudi ukamfungia mlango kabla hajapata hata kupiga hodi. Makala yao ilitoka mwaka 1943, na Medawar akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Wafugaji walikuwa na jibu zizini

Ng'ombe pacha wasiofanana, hata dume na jike, huweza kupokeleana ngozi. Medawar na mwenzake Rupert Billingham hawakulitarajia hilo. Walikuwa wamepandikiza ngozi za ng'ombe pacha ili kuwatenga wanaofanana na wasiofanana, wakidhani litakuwa jambo jepesi, na karibu wote wakakubaliana. Sababu ni kwamba tumboni mwa mama mapacha hao huchangia damu, kama Ray Owen alivyoonyesha Marekani mwaka 1945, hivyo kila mmoja hukua akimjua mwenzake kama sehemu ya nafsi yake. Wafugaji wanajua upande mwingine wa habari hii: mtamba aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi sana huwa tasa, kwa sababu ya damu hiyo hiyo.

Mwaka 1953 kundi la Medawar likafanya kwa panya kile ambacho maumbile hufanya kwa ng'ombe: panya aliyedungwa seli za panya mwingine kabla ya kuzaliwa alikua akaivaa ngozi ya huyo mwingine bila kinyongo. Kinga ya mwili, kumbe, hufundishika.

Kabla ya figo, kiraka

Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ilipitia mtihani wa ngozi. Boston, Desemba 1954: ndugu wawili, mmoja figo zimekufa, mwingine mzima. Je, ni pacha wa kufanana kweli? Walipelekwa hata kituo cha polisi wakachukuliwa alama za vidole. Kisha wakabadilishana vipande vya ngozi, madaktari wakasubiri wiki kadhaa, na vipande vikakaa. Daktari Joseph Murray akaendelea. Mgonjwa aliishi miaka minane zaidi, akamwoa muuguzi aliyemhudumia, wakapata watoto wawili. Murray mwenyewe alikuwa daktari wa kurekebisha maumbo, aliyeanza kushangaa mambo haya alipokuwa akiwatibu wanajeshi walioungua.

Kila seli ina kitambulisho, na Mungu hakuchapisha nakala nyingi

Juu ya karibu kila seli yako kuna protini ziitwazo HLA, ambazo jeni zake zimejipanga kwenye kromosomu ya 6. Wanasayansi wameshaorodhesha aina zaidi ya 30,000 za jeni hizo kwa binadamu. Nusu ya kitambulisho chako ni ya baba, nusu ya mama. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana nawe sawasawa. Sasa mfikirie yule kaka wa Glasgow: upendo ulikuwepo, kitambulisho ndicho kilichogoma.

Duma hupokeleana ngozi bila kuulizana ukoo

Hii nimeipenda kuliko zote. Mwaka 1985 Stephen O'Brien na wenzake walitangaza kwamba walipandikiza ngozi kati ya duma wasio na undugu wa karibu, na vipande vikapokelewa kana kwamba ni vya pacha. Ili kuhakikisha kuwa kinga ya duma hao haijalala, waliwawekea pia ngozi ya paka wa nyumbani. Hiyo ilikataliwa upesi kama kawaida. Kinga ilikuwa macho, ila haikuona tofauti kati ya duma na duma.

Maelezo yake yako nyuma sana. Inaaminika kwamba miaka kama 10,000 hadi 12,000 iliyopita duma karibu watoweke, na waliopo leo, wa Serengeti na Maasai Mara wakiwemo, wametokana na wachache walionusurika. Vitambulisho vyao vinafanana mno. Raha ya kupokea ngozi ina gharama yake, hata hivyo: virusi vya paka vilipoingia kwenye hifadhi moja ya Oregon miaka ya 1980, zaidi ya nusu ya duma wa pale walikufa. Kirusi kilichopata ufunguo wa mmoja kilikuwa kimepata ufunguo wa wote.

Mkasi wenyewe uliibwa kwa bakteria

Kifaa maarufu cha kuhariri jeni, CRISPR, ni kinga ya bakteria. Bakteria akishambuliwa na virusi hukata kipande cha vinasaba vya adui, akakihifadhi kama picha ya mtuhumiwa ukutani, na adui akirudi humtambua na kumkatakata. Mwaka 1987 Mjapani Yoshizumi Ishino na wenzake waliona michoro ya ajabu inayojirudia ndani ya vinasaba vya bakteria wa utumbo, wasijue ni ya nini. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha kuwa mkasi huo unaweza kuelekezwa ukate popote unapoamriwa, na mwaka 2020 wakatunukiwa Nobel. Kichekesho chake ni hiki: tunachukua kinga ya kijidudu ili kuihadaa kinga ya binadamu.

Ukifuta kitambulisho, unauawa kwa kutokuwa nacho

Wazo la kwanza kumjia mtu yeyote ni rahisi: kata jeni za HLA, seli ibaki bila jina, nani ataikataa? Na kukata kwenyewe si kazi kubwa kama inavyosikika. Badala ya kukimbizana na jeni nyingi, unakata moja iitwayo B2M, na kundi zima la kwanza la HLA linaanguka kama hema lililokatwa kamba. Unakata nyingine, CIITA, na kundi la pili linanyamaza.

Ila mwili ulishaufikiria ujanja huo kabla yetu. Kuna seli za kinga ziitwazo wauaji wa asili, na kazi yao ni kukagua asiye na kitambulisho kabisa, kwa sababu seli za saratani na zilizotekwa na virusi hupenda kuficha vyao. Ukiwa na kitambulisho kigeni unakamatwa na askari wa zamu ya kwanza. Usipokuwa nacho unakamatwa na wa zamu ya pili. Mtu aliyewahi kuvuka mpaka usiku kwa basi ataelewa.

Jibu limetoka mahali ambapo kila mmoja wetu amepita. Mtoto tumboni ana nusu ya kitambulisho cha baba yake, kwa hiyo kwa mama ni nusu mgeni, na bado hukaa miezi tisa bila kufukuzwa. Moja ya siri zake ni kwamba seli za kondo la nyuma zinazogusana na mwili wa mama huficha vitambulisho vya kawaida, kisha huonyesha kimoja cha pekee, HLA-G, kinachowatuliza wauaji wa asili. Wanasayansi wameiga: wanafuta HLA za kawaida, halafu wanaongeza HLA-E au HLA-G, au protini iitwayo CD47 ambayo kwa lugha ya seli husema, "Mimi si chakula chako." Seli ya namna hii haihitaji kupiga hodi. Inapita tu.

Kijana wa Berlin anarudi

Mwaka 1869, mwaka mmoja baada ya kuziona zile seli za ngozi, Langerhans alieleza vijisehemu vidogo ndani ya kongosho, ambavyo leo tunaviita visiwa vya Langerhans. Ndivyo vinavyotengeneza insulini. Na kwa visiwa hivyo ndipo ujanja wa kufuta kitambulisho ulipopata ushahidi wake mzuri kwa binadamu: huko Uppsala, Sweden, mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza alidungwa kwenye msuli wa mkono seli za kongosho la mtu mwingine, zilizokatwa B2M na CIITA na kuongezewa CD47. Hakupewa dawa yoyote ya kushusha kinga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa baada ya wiki 12 seli zilikuwa hai na zinatoa insulini, ingawa kiasi chake kilikuwa kidogo na sindano zake za kila siku hazikukoma.

Na tazama maumbile yalivyotoa mtihani ndani ya mtihani. Mkasi haukufanikiwa kwa kila seli. Zilizobaki na vitambulisho vyao ziliuawa. Zilizopoteza kitambulisho bila kupata CD47 nazo ziliuawa. Zilizobadilishwa kikamilifu zikabaki. Zote kwenye mkono mmoja.

Kwa ngozi safari ni ndefu kidogo, kwa sababu ngozi ni kijiji kizima: seli za juu, seli za chini zinazofuma kolajeni, mishipa ya damu, na wale askari wenye matawi. Kuna jingine linalowakosesha watafiti usingizi. Seli ambayo kinga haiioni, siku ikigeuka saratani, nani ataiona? Ndiyo maana baadhi yao huiwekea jeni ya kujiua, inayowashwa kwa dawa.

Nguruwe aliyefutwa sukari moja

Karibu asilimia 1 ya kingamwili zote zilizomo katika damu yako hivi sasa zinasubiri sukari moja tu, iitwayo alfa-gal. Wanyama wengi wanaonyonyesha wanayo. Binadamu, masokwe na nyani wa Afrika na Asia hatuna. Bakteria wa tumboni hutufundisha kuichukia tangu utotoni. Ndiyo sababu ngozi hai ya nguruwe wa kawaida ikiwekwa kwa mtu hushambuliwa upesi mno.

Watafiti wa Boston walipata nguruwe wadogo waliozimwa jeni inayotengeneza sukari hiyo. Kazi hiyo ilianza hata kabla CRISPR haijazaliwa, kwa mbinu za zamani zilizochukua miaka. Mwezi Oktoba 2019, katika hospitali ya Massachusetts General, mgonjwa wa moto aliwekewa kipande hai cha ngozi ya nguruwe wa aina hiyo, kando ya ngozi iliyotolewa kwa mtu aliyefariki. Baada ya siku tano vyote viliondolewa, na vilikuwa vimeshika jeraha kwa namna moja. Lengo halikuwa akae nayo maisha, bali ilinde kidonda mpaka ngozi yake mwenyewe ipatikane, kama turubai juu ya nyumba iliyoezuliwa.

Najua swali la uharamu wa nguruwe linalowajia wasomaji wengi wa Unguja na Mombasa. Si jipya: ngozi ya nguruwe isiyo hai imekuwa ikifunika majeraha ya moto kwa miongo mingi, na wanazuoni wamekuwa wakilipima jambo hilo kwa kanuni ya dharura, ile inayotazama uhai wa mtu kwanza na kuuliza kama kuna njia nyingine.

Ukitaka kuona mbio za mkasi, linganisha: ngozi ya 2019 ilizimwa jeni moja. Machi 2024, katika hospitali hiyo hiyo, mgonjwa alipandikizwa figo ya nguruwe yenye mabadiliko 69. Jeni 3 za nguruwe ziliondolewa, 7 za binadamu ziliongezwa, na virusi 59 vilivyolala ndani ya vinasaba vyake vikazimwa.

Kupe anayekataza nyama

Marekani kuna kupe ambaye akikuuma anaweza kuiamsha kinga yako dhidi ya alfa-gal kiasi kwamba ukila nyama ya ng'ombe au mbuzi usiku, unaamka na upele au unakosa pumzi. Fikiria kukosa nyama choma kwa sababu ya mdudu. Desemba 2020 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliwaidhinisha nguruwe wasio na sukari hiyo kwa matumizi mawili kwa pamoja: chakula na tiba.

Stempu iliyozaa nusu kanga

Mwaka 2015 mtoto wa miaka saba alifika hospitali ya Bochum, Ujerumani, akiwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi. Jeni yake moja, LAMB3, ilikuwa mbovu, na ngozi yake ilibanduka kwa kuguswa tu. Michele De Luca wa Modena, Italia, alichukua kipande cha sentimita 4 za mraba, ukubwa wa stempu, akaingiza jeni nzima kwenye seli zake kwa kutumia virusi vilivyofugwa, akazikuza hadi zikafikia mita za mraba 0.85. Asilimia 80 ya mwili wa mtoto ikavishwa upya. Kinga haikulalamika, kwa sababu ngozi ilikuwa yake mwenyewe, imerekebishwa kosa moja. Ikatangazwa mwaka 2017, wakati mtoto ameshaanza kucheza mpira.

Ubaya wa njia hii ni muda. Kukuza ngozi ya mtu binafsi huchukua wiki nyingi, na aliyeungua leo hana wiki. Ndiyo maana wanaota ngozi moja ya watu wote, iliyo tayari kwenye jokofu.

Panya waliovaa dawa

Xiaoyang Wu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walihariri seli za ngozi ya panya kwa CRISPR ili zitengeneze kimeng'enya kinachovunja kokeini, wakazipandikiza kwa panya. Matokeo ya 2018: panya waliovaa kiraka hicho walipoteza hamu ya kokeini, na walinusurika dozi ambayo ingewaua. Ngozi kama kiwanda cha dawa, bila kidonge wala sindano. Kwa panya, narudia, kabla hujampigia simu shemeji.

Sato kwenye kidonda

Huko Fortaleza, Brazil, madaktari hufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato, samaki ambaye asili yake ni maji ya Afrika, Mto Nile ukiwemo. Ngozi husafishwa hadi haina kijidudu wala seli hai, kwa hiyo hakuna mgeni wa kukataliwa; hubaki kolajeni tupu, yenye kushika na kutunza unyevu, na mgonjwa habadilishwi bandeji kila siku kwa kilio. Haipandikiziki, hufunika tu. Nao wavuvi wengi huitupa.

Govi moja, wagonjwa wengi

Baadhi ya ngozi za maabara zinazotumika Marekani zilianzia kwenye magovi ya watoto wachanga waliotahiriwa. Ngariba wetu wa jando wangecheka mpaka walie. Ile iitwayo Apligraf, iliyoidhinishwa mwaka 1998, huchanganya seli hizo na kolajeni ya ng'ombe. Nyingine, StrataGraft, iliyoidhinishwa mwaka 2021 kwa majeraha ya moto, seli zake zote za juu zinatoka kwa mtoto mmoja tu, zilizokuzwa Wisconsin na kuendelea kugawanyika tangu wakati huo. Seli hizo hazibaki. Miezi mitatu baadaye madaktari walipotafuta vinasaba vya mtoto yule kwenye majeraha ya wagonjwa hawakuvikuta: zilikuwa zimefunika kidonda, zimeita ngozi ya mwenyewe, zikaondoka. Naye aliyetoa govi, kama yu hai, ni mtu mzima sasa, na yumkini hana habari kabisa.